Sehemu ya Nne ya Neno

Mtaani walimwita Nyuki, na jina hilo hakulipata kwa kuuma. Baba mkwe wangu hakuwahi kumuuma mtu. Alilipata kwa sababu kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake ya kutengeneza cherehani, alikaa mbele ya taa ndogo katika chumba cha nyuma akasoma maneno yake ya sala ya Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindu, na kila alipofika mwisho wa aya alivuma kwa midomo iliyofumbwa, mvumo mrefu wa taratibu. Mvumo huo ulipita ukuta wetu, ukapita na wa jirani, ukamfikia fundi viatu wa pale kona, ambaye alikuwa akisema hana haja ya saa. Nyuki akinyamaza, yeye anafungua kibanda.

Nilipoolewa katika nyumba ile sauti hiyo ilinikera. Nasema wazi, maana mimi sikujaliwa mdomo wa kupaka watu mafuta. Nilitoka kwa watu wa dini nyingine kabisa, na ndoa yangu ilikuwa imeshazua minong'ono pande zote mbili. Ndugu zao walimwuliza mzee atakaaje na mkaza mwana asiyejua hata neno moja la sala zao. Akawajibu kuwa binti anajua kushona, na mtu wa kushona na mtu wa kutengeneza cherehani hawawezi kukosa la kuzungumza. Mambo yakaishia hapo. Nikawekewa meza yangu mbele ya karakana, penye mwanga, yeye akabaki nyuma na mafuta yake na makopo yake ya skrubu.

Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wateja. Akiletewa cherehani inayokata uzi, haanzi kuifungua. Analizungusha gurudumu polepole kwa mkono, anafumba macho, anasikiliza, na kichwa chake kinaanza kwenda: chini, juu, kuume. Wateja walidhani anakubali kila wanalosema. Mama mmoja anayeshona sare za shule alimwambia, "Mzee, kama unakubali hivyo, basi nitengenezee bure!" Baba akafumbua macho, akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

Siku hiyo nilimwuliza kichwa chake kina nini.

"Ni babu yangu huyo," akasema. "Alinifundisha kwa mkono. Alinishika hapa, utosini. Sauti ya neno ikishuka, ananiinamisha. Ikisimama sawasawa, ananiinua. Ikipanda na kuteleza, ananigeuza kuume. Kitabu hakikuwepo. Kitabu ilikuwa shingo yangu."

"Na ukikosea?"

"Unarudi mwanzo. Hata kama limebaki neno moja."

"Hata kama umechoka, Baba?"

"Hasa ukiwa umechoka, mwanangu. Uchovu ndio unaokosea."

Nikataka kujua maneno yenyewe yana maana gani. Mimi nikishona nguo lazima nijue ataivaa nani na anakwenda nayo wapi, siwezi kushona tu. Baba akaipangusa mikono yake kwa kitambaa, akasema nisianze na maana. "Siku ya baridi ukikuta moto, unauuliza maana yake? Si unauota kwanza?" Kisha akavuta kigoda karibu na meza yangu.

"Fungua mdomo. Sema *a*."

Nikasema, huku nikichungulia mlangoni asije akapita mtu akaniona.

"Hapo ndipo sauti inapozaliwa, kooni. Ndio mlango wa nyuma. Sasa iache itembee juu ya ulimi mpaka iwe *u*. Sasa funga mlango wa mbele: *m*." Nikajikuta navuma, na mvumo ukanitetemesha mifupa ya uso. "Umeona? Umepita nyumba nzima ya mdomo. Maneno yote ya watu wote yako kati ya milango hiyo miwili. Jina la mama yako limo. Jina mnalomwitia Mungu kwenu nalo limo."

"Ndiyo basi? Limekwisha?"

"Bado. Hizo ni sehemu tatu za neno ninalomalizia, *aum*. Ya nne ni kimya kinachofuata. Watu wengi wakishafunga midomo wananyanyuka kwenda kunywa chai, wanadhani wamelisema. Hawajalisema."

Niliona ni mambo ya wazee. Lakini kuanzia hapo nikawa nikisikia mvumo asubuhi nausubiri uishe, na ukiisha natega sikio kidogo zaidi. Nikajua kuwa mwishoni kabisa analitaja neno la amani, shanti, mara tatu: la kwanza kwa balaa zitokazo juu, la pili kwa zitokazo kwa watu, la tatu kwa zile mtu anazojiletea mwenyewe. La tatu alilitamka kwa sauti ya chini kuliko yote. Alisema adui aliye ndani yako hapigiwi kelele, yuko karibu, anasikia. Akaniambia pia kwamba maneno yale husemwa kwa namna tatu, kwa sauti, kwa midomo tu, na kwa moyo bila hata kuchezesha midomo, na kwamba hiyo ya moyo ndiyo nzito kupita zote.

"Mbona wewe unasema kwa sauti?"

"Ile ni ya wakubwa," akasema. "Mimi fundi. Nisiposikia chuma kikilia sijui ugonjwa uko wapi."

Mke wake, mama mkwe wangu, hakufundishwa. Babu yule alifundisha wavulana peke yao, na Baba naye hakuwahi kufikiria kwenda kinyume. Mtoto wake wa kiume, ambaye ni mume wangu, alifundishwa akakimbia. Alipenda malori kuliko aya, na mpaka leo ni dereva wa masafa marefu. Mama kazi yake ilikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, akichambua mchele au akimenya viazi wakati mumewe anasoma. Mara nyingi nilikiona kichwa chake kikiinama, kikiinuka, kikilala upande. Nilidhani ni usingizi, nikamwambia akapumzike, kazi nitamaliza mimi. Alitabasamu tu, akaendelea kumenya.

Moyo wa Mama ulianza kuchoka, nasi tukahamishia kitanda chake chumba cha mbele ili apate hewa ya dirishani. Daktari alisema moyo ule hauna dawa ya kuuponya, una dawa za kuubembeleza. Mama alipokea habari hizo kama anayeambiwa mvua itanyesha kesho. Jambo moja tu alilitaka, nalo walikuwa wamekubaliana na mzee tangu ujana wao. Kwa watu wao, anayekufa husomewa maneno yale sikioni, ili sauti ya mwisho anayoondoka nayo duniani isiwe ya kilio wala ya mlango unaofungwa. Walikuwa wamewekeana ahadi kwamba atakayebaki atamsomea atakayetangulia. Sasa ilijulikana nani atatangulia, na Baba alisoma kila asubuhi kwa uangalifu mpya, kama fundi anayenoa kifaa chake.

Ndipo sauti yake ikaanza kukwaruza. Kwanza tulisema ni vumbi la karakana. Tukasema ni mafua. Mvumo ukawa unakatika katikati, na fundi viatu akaja kuuliza kama Nyuki ana afya. Nikafunga meza yangu, nikampeleka hospitali mwenyewe, maana nilijua nikimwachia atakwenda "wiki ijayo" mpaka mwaka uishe.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, wa rika langu. Alituchorea picha ya koo kwenye karatasi, akaeleza taratibu. Kulikuwa na uvimbe kwenye kikoromeo, nao ulikuwa saratani. Wakikitoa chote sasa, mzee ana nafasi nzuri ya kuishi. Lakini atapumulia tundu hapa, akagusa shingo yake chini, na sauti haitakuwepo tena.

"Nikingoja?" Baba akauliza.

"Ukingoja, Mzee wangu, utapoteza sauti vilevile, na uhai pia."

Tulipotoka nje aliniambia maneno mawili tu. Kwanza, Mama asijue. Pili, atangoja. Nilisimama pale kwenye ngazi za hospitali nikamgombeza mzee mzima mbele za watu. Nikamwambia kama yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwa neno la moyo ndilo zito kupita yote, basi kumbe alikuwa ananiuzia nguo ambayo yeye haivai. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, nimemwahidi kwa sauti. Sikio halisikii moyo wa mtu mwingine." Nikamshika mkono, tukashuka ngazi.

Mume wangu alipigiwa simu akiwa njiani, akarudi usiku na wazo lake. Tumrekodi. Asubuhi Baba alisoma yote mbele ya simu, akikohoa, akirudi mwanzo kila alipokwaruza, na mume wangu akaenda kumsikilizisha mama yake aone kama ni safi. Hakumwambia ni ya nini. Mama alisikiliza kidogo akageuza uso.

"Zima, mwanangu. Hiyo haipumui." Kisha akamtazama mwanawe, akanitazama mimi mlangoni. "Kwani huyo mwenye sauti anakwenda wapi, mpaka mnamweka kwenye simu?"

Mume wangu alitazama viatu vyake. Mimi siri hukaa kwangu kama maji kwenye pakacha. Nikasema yote: uvimbe, daktari, na kwamba mzee amekataa kutibiwa kwa ajili ya ahadi yao.

Mama hakulia. Aliomba aitwe mumewe. Baba akaja na mikono yenye mafuta ya mashine, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee," Mama akamwambia, "unanisubiri nife?"

"Nani kasema maneno hayo?"

"Wewe unayasema. Kila ukipita hapo mlangoni unaniangalia kama nimechelewa. Nikipata nafuu kidogo, wewe ugonjwa wako unakua. Unataka nione haya kula uji? Unataka niombe msamaha kila nikiamka?"

Baba alifunika uso kwa mikono yake michafu. Alipoiondoa alikuwa na alama nyeusi mashavuni, na kama siku ingekuwa nyingine tungemcheka. "Nani atakusomea?" akauliza kwa ile sauti yake iliyobaki, iliyofanana na kitambaa kinachopasuka.

"Hilo niachie mimi," Mama akasema. "Nenda kakatwe."

Asubuhi ya kwenda hospitali alisoma kwa mara ya mwisho. Niliamka mapema nikakaa sakafuni nje ya kile chumba, mimi niliyekuwa nikijifunika mto masikioni. Fundi viatu naye alikuja akasimama uani, kofia mkononi, bila kukaribishwa na mtu. Sauti ilikuwa mbovu, lakini hakukosea, hakurudi mwanzo hata mara moja. Alipofunga midomo na kuvuma, niliusikia mvumo ukipungua, ukipungua, mpaka sikujua umeisha saa ngapi. Nililia kama mtoto. Kisha akatoka, akachukua kopo la mafuta, akaitia cherehani yangu mafuta kila mahali panapohitaji, akanionyesha kwa kidole nisisahau kufanya hivyo, akapanda gari.

Alirudi na tundu shingoni. Nilimshonea vitambaa vyepesi vya pamba vya kulifunika, vyenye kamba nyuma, vingi kiasi cha kubadilisha kila siku. Akitaka kuniita alikuwa akigonga bisibisi kwenye kopo. Kazi yake haikuharibika, maana masikio yalikuwa mazima. Asubuhi aliketi mbele ya taa kama zamani na kichwa kikaenda chini, juu, kuume, bila sauti, na kimya kile kilinitesa kuliko kelele zote nilizowahi kuzilalamikia. Fundi viatu akawa anachelewa kufungua.

Lakini chumbani kwa Mama alikuwa haingii. Alifika mlangoni, akaweka kikombe cha maji kwenye meza ndogo, akaondoka. Alikuwa anaona aibu. Mtu aliyeahidi akashindwa hata kusema "nimeshindwa," aende akakae wapi? Mama alimtazama akiondoka, hakumwita. Nilipotaka kwenda kumvuta kwa nguvu alinishika mkono akasema, "Mwache. Akichoka kukimbia atakaa."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua, saa za asubuhi, na mimi nilikuwa napinda mapindo ya pazia. Mama aliniita kwa sauti ndogo lakini isiyotetemeka. Vidole vyake vilikuwa vimepoa, na midomo imepoteza rangi.

"Kamwite mzee wako. Mwambie anawe mikono."

Baba alikuja mbio, maji yakimchuruzika viwikoni. Akapiga magoti kando ya kitanda, akasogeza mdomo kwenye sikio la mkewe, akaufungua. Nilimwona akijaribu. Midomo ikachora neno, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu, chini, kwenye kitambaa cha pamba. Akajaribu tena. Kisha akaweka paji la uso wake kwenye mto na mabega yakaanza kutikisika. Nilimwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mtu yeyote, hata baba yangu mzazi.

Mama akautafuta mkono wake juu ya shuka. Akauchukua, akauinua polepole kama anayebeba kitu kizito, akauweka utosini kwake mwenyewe.

"Nishike kama babu yako alivyokushika," akasema. "Wewe nishike. Nitasema mimi."

Baba akainua uso. Hakuelewa. Hata mimi sikuelewa, mpaka Mama alipovuta pumzi na kuanza. Yalikuwa ni yale maneno, neno kwa neno, aya niliyoisikia kupitia ukutani miaka yote, ila sasa kwa sauti ya mwanamke, nyembamba, yenye kukatika kwa pumzi fupi lakini si kwa kusahau. Ndipo nikaukumbuka mchele, na viazi, na kile kichwa nilichodhani kina usingizi. Alikuwa amesoma shule nzima akiwa jikoni, na hakumwambia mtu.

Mkono wa Baba ulikuwa umeganda. Kisha ukaamka. Sauti iliposhuka, mkono ukainamisha kile kichwa chenye mvi, taratibu, kwa kipimo kile alichopimiwa yeye. Iliposimama, ukakiinua. Ilipopanda na kuteleza, ukakigeuza kuume, kwake. Macho yake yalikuwa yamekauka, yamekuwa ya fundi anayesikiliza.

Karibu na mwisho Mama alikosea. Mimi nisingejua, ila mkono ulisimama. Haukuteremka ulipopaswa kuteremka. Chumba kizima kikangoja. Baba akamtazama, na kidole chake kimoja kikamgonga utosini, kidogo tu: rudi mwanzo.

Nilitaka kupiga kelele. Mtu anakufa, pumzi zake zinahesabika, na wewe unamrudisha mwanzo kwa ajili ya sauti moja iliyopanda badala ya kushuka! Nilishafungua mdomo. Lakini Mama alikuwa anacheka. Cheko halikuwa na nguvu, lilikuwa machoni zaidi kuliko midomoni, na nilimwona jinsi alivyofurahi. Alikuwa anafundishwa. Miaka yote hiyo ya kusikilizia ukutani, na leo kuna mtu anamrudisha mwanzo kama mwanafunzi wa kweli.

"Hata leo, mzee?" akasema.

Baba akaitikia kwa kichwa. Hata leo.

Akaanza upya, polepole zaidi. Safari hii mkono na sauti havikuachana. Walipita pale alipokosea, wakapita salama, na Baba akafumba macho kwa shukrani. Mama akasema neno la amani mara moja, akapumzika. Akalisema mara ya pili. La tatu alilisema chini kabisa, kwa yule aliye ndani, na nadhani huko ndani hapakuwa na adui tena. Kisha akafungua kinywa, sauti ikatoka kooni, ikatembea juu ya ulimi, akafunga midomo, akavuma. Ulikuwa mvumo mdogo. Fundi viatu asingeusikia. Sisi wawili tuliusikia mpaka pale ulipokuwa haupo.

Kifua hakikuinuka tena. Nilijua, na kilio kikapanda kooni mwangu kwa nguvu zake zote, kikafika kwenye meno. Baba hakuuondoa mkono wake utosini kwa mkewe. Aliinua ule mwingine, wenye mafuta meusi ambayo maji hayakuyatoa kwenye kucha, akanionyesha kiganja: bado. Hajamaliza.

Nikafumba mdomo wangu. Tukamsikiliza mpaka mwisho.